Kuita Majina ya Darasa la Mpofi

Papa yangu alifundisha shule ya msingi tangu ujana wake hadi goti lake lilipokataa kusimama mbele ya ubao. Miaka yake ya mwisho ya kazi aliimalizia Mpofi, upande wa Walikale, huku sisi wengine tukibaki Kibabi, kwenye vilima vya Masisi, pamoja na Mama, maharage na ng'ombe. Alipostaafu alirudi nyumbani na sanduku la vitabu, fimbo ya kutembelea, na tabia ya kumkosoa kila aliyeanza sentensi akaiacha njiani.

Mimi nilisomea informatique Goma na nikafanya kazi huko, kutengeneza programu za mtandaoni. Wakati ninaousimulia nilikuwa nimerudi kwa wazazi kwa sababu ofisi yetu ilikuwa imefunga milango, kama ofisi nyingi za jijini. Nilikuja na begi la nguo na kompyuta ya mkononi iliyokuwa imezeeka. Nilidhani nitakaa kidogo, hadi mambo yatulie. Nilikaa msimu mzima wa maharage.

Jambo lenyewe lilianzia sokoni Masisi. Tulikuwa tumeenda na Papa kumtafutia Mama jembe, na tulikuwa tunapanda polepole kando ya barabara, goti lake likiamua mwendo, ndipo moto moja, pikipiki ya abiria, ikatupita, ikasimama ghafla mbele yetu. Dereva alikuwa mwanaume mwenye ndevu, koti la mvua limejaa matope. Akavua kofia.

"Mwalimu!"

Papa alimtazama kwa muda. Nilijua hakumbuki jina, maana anapotafuta jina huwa anasugua kidole gumba juu ya kichwa cha fimbo.

"Wewe," akasema mwishowe, "ulikuwa unakaa benchi ya tatu, upande wa dirisha. Ulikuwa unaangalia mvua kuliko ubao."

Yule mwanaume alicheka hadi akalazimika kuegemea moto yake, akikubali kwamba ndiye. "Njo miye, Mwalimu. Njo miye kabisa!"

Walisalimiana sana. Alisema amekuwa motard, anabeba watu kati ya Masisi na Walikale, ana mke na watoto. Kisha akauliza, "Wenzangu biko wapi, Mwalimu? Tulikuwa wengi mu ile darasa. Miye najua wawili watatu tu."

Lile lilikuwa darasa la sita, la mwisho alilolifundisha Mpofi kabla ya kurudi. Baada ya hapo watu walikimbia vita, wakarudi, wakakimbia tena. Wengine waliolewa mbali, wengine walifuata biashara. Motard alipoondoka, Papa alitembea polepole zaidi hadi tukalipita soko. Mimi nilidhani goti linamuuma.

"Mama," akasema. Ameniita hivyo tangu nizaliwe, kwa sababu nina jina la mama yake. "Ile kazi yako ya mashini, inaweza kufanya appel?"

"Appel ya nini, Papa?"

"Ya darasa. Kila asubui niliita majina, wanajibu présent. Sasa biko mbali, kila mutu na kwake. Mashini inaweza kuwaita kule biko?"

Nilijibu ndiyo, upesi, kama mtu aliyeombwa chumvi.

Na kweli si kazi kubwa. Nilichokiona kichwani ni ukurasa mmoja ambao mtu anaufungua kwa simu, analiona darasa, analitafuta jina lake, anabonyeza "Présent", na kuandika yuko wapi. Lakini ofisini nilikuwa nimezoea kuanza kila kazi kwa framework kubwa, ile ambayo kila kampuni inaitaka, na sikufikiria kuanza vingine. Nilikaa mlangoni mwa jikoni, pale mtandao unapopatikana kidogo nyumbani kwetu, nikaamuru kompyuta ipakue vipande vyake. Vilikuwa vingi mno. Vilianza kushuka, mtandao ukakatika. Nikaanza tena, ukakatika. Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo, na siku iliyofuata Papa alileta kiti chake akakaa kando yangu.

"Inakula nini hivyo?"

"Framework, Papa."

"Framework njo nini?"

Nilitafuta mfano. "Ni kama miti ya nyumba. Kabla ya kupaka udongo na kuweka mabati, unasimamisha miti kwanza. Sasa kuna watu wameshaikata ile miti, wameipima. Miye nasimamisha tu, halafu naweka kuta zangu."

"Hiyo ni kiunzi," akasema. "Kiswahili iko na neno. Kwa nini unalikimbia?"

Tangu saa hiyo, nyumbani kwetu framework iliitwa kiunzi.

"Na hiki kiunzi unakitafuta," akaendelea, "ni cha nyumba ya namna gani?"

"Kwa kweli, Papa, ni cha ghorofa."

"Sisi tunataka chumba kimoja cha darasa."

Nilicheka, lakini nilifunga ile kazi. Nilijua kuna viunzi vyepesi vya PHP, lugha ya kuandikia kurasa za mtandao, vyenye vipande vichache, vinavyofanya jambo moja tu na kulifanya vizuri: mtu akiomba anwani fulani, vinampeleka kwenye jibu lake. Mengine yote unajiongezea mwenyewe unavyotaka. Ofisini tulikuwa tunavidharau kidogo, tunasema ni vya wanafunzi. Nilichagua kimoja.

Bado kilihitaji kupakuliwa, na hata chepesi kisingepita mlangoni mwa jikoni siku ile. Kwa hiyo tulipanda kilimani nyuma ya nyumba, kwenye malisho, ambapo simu hupata mistari mitatu ya mtandao kama mbingu ni safi. Papa alikataa kubaki. Mama alisimama chini akapiga kelele kuhusu goti, na Papa akamjibu bila kugeuka kwamba goti nalo limealikwa.

Nilikaa juu ya jiwe, kompyuta mapajani, simu yangu ikitoa wifi. Nilitumia Composer, chombo ambacho kazi yake ni kwenda kuchukua vipande mtandaoni na kuvipanga kwenye folda moja. Niliandika amri, nikabonyeza. Mistari ikaanza kutokea. Papa aliisoma kwa sauti mmoja mmoja, kwa matamshi ya Kifaransa ingawa ilikuwa Kiingereza. Ndipo mvua ikafika. Kwetu mvua haibishi hodi; unaiona ikivuka kilima cha pili, na kabla hujakunja nguo zako iko kichwani. Papa alifungua mwavuli. Hakujifunika yeye wala mimi, aliifunika mashine.

"Papa, unalowa."

"Miye nakauka. Hiyo ikilowa haikauki."

Ng'ombe mmoja wetu, yule mwekundu mwenye udadisi, alikuja akanusa mfuniko wa kompyuta kwa pua yake pana. Papa alimkemea kama anavyomkemea mwanafunzi anayechungulia karatasi ya jirani. Mimi sikuthubutu kusogea. Mstari wa mwisho ulitokea, vipande vyote vikawa ndani, na tulishuka tukiwa tumelowa hadi mifupani, Papa akiwa na furaha ya mtu aliyetoka harusini. Mama alitupa maziwa ya moto, akatuambia tuko wapumbavu wawili wa ukoo mmoja.

Kesho yake niliandika faili ya kwanza. Ni mistari michache: mmoja unaviita vile vipande vyote, mwingine unaizaa programu, halafu zinafuata njia za kila anwani. Papa alitaka kila mstari uelezwe. Njia alizielewa upesi kuliko wafunzwa niliowahi kuwa nao jijini.

"Kwa hiyo," akasema, "hii alama ya mukwaju, huu mustari wa kuinama, peke yake ni mulango mukubwa. Na hii yenye neno appel ni mulango wa darasa. Mutu akipiga hodi pale, unaandika unamujibu nini. Akipiga hodi kwa mulango ambao haukujenga?"

"Kiunzi kinamwambia hakuna kitu hapa."

"Kwa heshima?"

"Kwa heshima kama utaiandika wewe."

Akaiandika. Hadi leo, mtu akikosea anwani kwenye ukurasa ule, anasoma hivi: "Umekosa njia, mutoto wangu. Rudi nyuma, uliza."

Mara ya kwanza nilipowasha, sikupata kitu ila ujumbe wa kosa. Nilianza kutafuta kwenye mambo makubwa, toleo la PHP, folda, ruhusa. Papa alivaa miwani yake akainama karibu na kioo.

"Imeandikwa mustari wa kumi na mbili."

"Nimeona, Papa, lakini mara nyingi kosa haliko pale inaposema."

"Basi iko juu yake. Mustari wa kumi na moja haukumalizika. Wenzake wote biko na point-virgule, huu hauna."

Ilikuwa kweli. Niliweka alama hiyo ndogo ya nukta na mkato, nikawasha upya, na katikati ya ukurasa mweupe yakatokea maneno niliyokuwa nimeandika kwa kujaribu: "Jambo, Mwalimu." Papa aliyasoma. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akavaa, akasoma tena. "Jambo," akaijibu mashine, taratibu, kwa adabu. Kuanzia siku hiyo kazi ya kusahihisha ikawa yake. Mimi niliandika, yeye alipita nyuma yangu kama alivyopita katikati ya mabenchi siku za dictée, siku za imla, na kila alipokuta mstari haukufungwa aligonga bega langu kwa kidole.

Kisha tulihitaji majina. Madaftari ya shule yalishapotea zamani, katika moja ya safari za kukimbia. Papa alisema haina shida, anayo kichwani. Nilitengeneza jedwali dogo la kuhifadhi, nikamwomba aanze na herufi A. Alifunga macho. Akataja jina moja, la pili, akakwama. Akajaribu B, akakwama. Nilimwona anaanza kuogopa, na sijazoea kumwona Papa akiogopa.

Mama alikuwa amekaa mlangoni, ungo mapajani, anachambua maharage. "Wewe hukukaa nao kwa alfabeti," akasema. "Ulikuwa unawaangalia namna gani?"

Papa aliinuka. Akasimama katikati ya sebule, mgongo kwa ukuta kana kwamba ubao uko nyuma yake, akatazama mbele. "Benchi ya kwanza, upande wa mulango," akasema, na majina matatu yakatoka bila kusita, jina, jina la baba, na kila mtu na tabia yake. Huyu alikuwa anakula chaki. Yule alikuwa anajua kuimba lakini hajui kugawa. Yule mwingine alikuja kila siku na mdogo wake mgongoni, akamweka chini ya benchi, na mtoto akalala hadi saa sita. Alitembea sebuleni kutoka benchi hadi benchi, akipita kati ya viti vyetu na meza, na mimi niliandika nikikimbizana naye.

Hapo ndipo nilipobadilisha ukurasa. Badala ya orodha ya alfabeti, niliuchora kama darasa lenyewe, safu mbili za mabenchi, watatu watatu, dirisha upande mmoja, mlango upande wa pili. Chini ya kila jina niliweka kitufe cha "Présent", na kwa yule ambaye hajabonyeza, mashine yenyewe iliandika "Absent", hayupo.

Tulipofika benchi ya nne upande wa mlango, Papa alitaja jina la kwanza, la pili, akasimama. Nilisubiri, vidole juu ya herufi.

"Wa tatu?"

"Wa tatu alikufa," akasema. "Homa. Hata diplome yake ya kumaliza shule hakuipokea. Ni miye nilimupelekea mama yake."

Nikauliza lile swali ambalo mashine ilinilazimisha kuliuliza. "Nifanye nini, Papa? Nikimwandika, ataonekana Absent siku zote."

Maharage yalinyamaza kwenye ungo. "Usimuandike hivyo," Mama akasema. "Absent ni mutu anaweza kuja kesho."

"Tumutoe?"

"Hapana," Papa akasema. "Ni fasi yake. Jina libaki. Kitufe njo kitoke."

Niliandika sharti dogo, mistari mitatu: kama ni huyu, onyesha jina, usionyeshe kingine. Nilipofungua ukurasa tena, jina lilikuwa pale kwenye benchi pamoja na wenzake, kimya, bila alama yoyote chini yake. Papa alilitazama, akatikisa kichwa kukubali. Mama naye alikuja kuona, mikono ina vumbi la maharage, akaanza kulisoma darasa zima kwa kidole.

"Na hawa wengine wote mumeandika absent. Mumejuaje?" akauliza. "Labda hawajasikia tu. Andikeni Bado."

Tukaandika Bado.

Yule motard wa sokoni ndiye aliyepanga safari ya Mpofi. Papa alikuwa amechukua namba yake, na motard alimjua mwenzake mmoja wa darasa ambaye hakuwahi kuondoka kule, mwanamke aliyeolewa na mfanyabiashara wa Kikatoliki kutoka upande wa Butembo. Wana duka kubwa la sabuni, chumvi, mabati, na paneli za jua juu ya paa. Mwanamke huyo alisema Mwalimu aje, uwanja wa nyuma ya duka ni wake, Jumapili baada ya misa.

Tulilala Masisi, tukatoka alfajiri. Motard alimbeba Papa, motard mwenzake akanibeba mimi na kompyuta kifuani, imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Kadiri tulivyoshuka, malisho yaliisha, miti ikakaribia barabara, hewa ikawa ya joto na harufu ya mawese. Kwenye matope makubwa tulishuka tukatembea, na motard akarudi kumwinua Papa kama anavyobeba mfuko wa maharage. Papa alilalamika. Motard akamwambia, "Mwalimu, wewe ulinibeba mwaka muzima mu hesabu, niache nikubebe mu potopoto." Papa akamshika mabega.

Mwenye duka alitupokea akipiga vigelegele. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuuza, lakini mbele ya Papa aliunganisha mikono nyuma kama msichana wa shule. Uwanjani walikuwa wameshapanga vibao juu ya matofali. Na wakaja. Walikuja na nguo za misa, wengine na watoto, wanaume wenye mvi za kwanza, na wote walipofika mbele ya Papa walipungua, wakawa wafupi. Papa alimtazama kila mmoja akamwambia alikokuwa akikaa. Sikusikia akikosea.

Mpofi siku hiyo hapakuwa na mtandao. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo: kompyuta yangu ingekuwa seva, yaani ndiyo ingeugawa ukurasa, simu yangu ingetoa wifi, na simu zao zingeingia humo bila kuhitaji internet. Niliwasha, nikafungua ukurasa kwenye kompyuta, darasa likatokea vizuri. Nikawasomea namba za anwani ya kuandika. Wakaandika. Hakuna simu iliyofungua.

Nilijaribu tena. Nilizima, nikawasha. Jasho lilianza kunitoka, maana watu walikuwa wameshika simu zao juu wakisubiri, na mwenye duka alikuwa ameshatangaza kwamba binti wa Mwalimu ametengeneza kitu ambacho hata Goma hawana.

Papa aliona uso wangu. Aliinuka, akagonga fimbo chini. "Wakati mashini inavaa viatu," akasema, "tufanye ya mudomo. Benchi ya kwanza, upande wa mulango."

Akaita jina.

"Présent!" akajibu mtu kutoka nyuma, mwanaume mzima, sauti imepasuka.

Walicheka wote. Akaita la pili. Mtu akasema, "Huyo iko Kisangani, Mwalimu, anauza madawa." Akaita la tatu. "Présente!" Hivyo hivyo aliendelea, na kwa kila ambaye hakuwepo kulikuwa na mtu wa kumjibia: iko Butembo, iko Kampala, alionekana Goma, hatujui. Wengine waliinuka wanapojibu. Mimi nilikuwa nimeinama juu ya kompyuta, nikisikiliza, na macho yangu hayakuwa yanaona vizuri, si kwa sababu ya kioo.

Kosa lilikuwa langu na lilikuwa dogo. Nilikuwa nimewasha seva kwa namna ya nyumbani, ile ambayo mashine inajisikiliza yenyewe peke yake, kama mtu aliyefunga mlango kwa ndani halafu anashangaa wageni hawaingii. Nilibadilisha neno moja ili isikilize na simu za wengine, nikawasha. Papa alikuwa amefika benchi za mwisho nilipomwambia, "Papa, imefunguka."

Motard alikuwa wa kwanza kubonyeza. Alipoona neno Bado chini ya jina lake linageuka kuwa Présent, alionyesha simu kila upande kama mtu aliyefaulu. Mwenye duka alibonyeza, akaandika mahali alipo: "Niko pale pale, Mpofi, mulango wangu iko wazi." Waliokuwa na simu ndogo walibonyezewa na jirani. Walikuwa wanainamia simu za wenzao, wanajitafuta, wanagombana nani alikaa wapi, na Papa alikuwa anaamua.

Ndipo akaingia mama mmoja mzee, amevaa kitenge cha misa, hakuwa wa darasa. Watu walimpisha. Papa alimtambua kabla sijaelewa, akaenda kumpokea kwa mikono yote miwili. Alikuwa mama wa yule wa benchi ya nne.

"Mwalimu, nimesikia unaita batoto," akasema. "Wangu umemuita?"

Papa alisema, "Mama, nilimufikia. Sikuita, lakini nilisimama pale." Akaniomba kompyuta. Nilimpa, akaishika mbele ya yule mama, akamwonyesha kwa kidole benchi, mlango, jina. Yule mama hakujua kusoma, lakini aliliangalia jina kwa muda mrefu.

"Kwa nini yake haina ile alama ya wengine?"

"Kwa sababu yeye hatuna cha kumuuliza, Mama."

"Ni sawa," akasema. "Na huyu pembeni yake ni nani?"

Papa alimtajia. Ni mwanaume aliyekuwa amekaa palepale uwanjani, fundi wa mbao. Yule mama akamgeukia. "Njo wewe? Ulikuwa unakuja kula kwangu. Ulimaliza sombe yangu yote, sufuria muzima ya majani ya muhogo."

"Njo miye, Mama."

"Na leo utakuja. Nimepika."

Akaenda naye kweli. Tuliwaona wakishuka njiani, fundi akiwa amembebea kikapu.

Tuliporudi Kibabi, rafiki yangu mmoja wa Goma aliniachia kona kwenye seva yake, na nikauweka ukurasa mtandaoni. Kiunzi kilikuwa chepesi, kwa hiyo hata simu mbovu kwenye mtandao mbovu ziliufungua. Anwani ilipita kutoka simu hadi simu. Majibu yalianza kuja. Wa Kisangani alijibu. Wa Kampala alijibu kwa herufi kubwa tupu. Msichana wa zamani aliyekuwa akimleta mdogo wake darasani aliandika kwenye nafasi ya kusema yuko wapi: "Niko jikoni Mwalimu, chakula kinaungua, nitarudi kuandika vizuri." Papa alinisomea hilo wakati wa chakula cha mchana na cha jioni. Yule dada alirudi kweli kuandika, siku mbili baadaye: yuko Beni, ni muuguzi, na mdogo wake yule wa chini ya benchi anasoma chuo. Wengine bado ni Bado. Papa anawapitia kila anapopanda malishoni, na sijamsikia akisema wamechelewa.

Msimu wa maharage ulipokwisha nilipata kazi Butembo. Kabla ya kuondoka nilimwachia Papa kompyuta ile ya zamani na nikamfundisha kufungua faili, kubadilisha, kutuma. Nilimwambia asiguse njia. Alisema amesikia, jambo ambalo kwa Papa si sawa na kukubali.

Siku moja mchana, niko ofisini, akanipigia. Upepo wa kilimani ulikuwa unavuma ndani ya simu.

"Mama, nimejenga mulango."

"Mulango gani, Papa?"

"Andika anwani yetu, halafu mukwaju, halafu recreation. Bila accent juu ya e, mashini haipendi."

Niliandika neno hilo la mapumziko ya shule. Ukurasa ulikuwa mweupe, bila mabenchi, bila majina. Katikati palikuwa na mstari mmoja tu: "Umeshajibu. Sasa toka nje, uende ucheze kidogo."

"Kwa nini, Papa?"

"Wale batoto wamekuwa wazee," akasema. "Wamechoka, miye nasoma ku maneno yao. Mwalimu akisema mutu acheze, ule mutu hana hatia. Na wewe uko wapi saa hii?"

"Ofisini, Papa. Kuna kazi nyingi."

"Umesoma nilichoandika?"

"Nimesoma."

"Basi."

Nilifunga kompyuta. Wenzangu waliniuliza kama kuna shida nyumbani, nikasema hapana, nimetumwa tu. Nikatoka nje, nikasimama kwenye jua.